Mama mkubwa alisoma lebo

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwetu sote hapa Morogoro. Baba yako hajambo, mvua zimeanza vizuri, na hela ya matumizi nitakutumia mwisho wa mwezi kama tulivyokubaliana.

Ninakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema kwenye simu. Nilikueleza kwamba sukari ya mama yako mkubwa imepanda tena, na kwamba pale kliniki walipomhoji waligundua anakunywa juisi ya boksi asubuhi na jioni akiamini haina madhara. Ukanijibu: "Mama, si angesoma lebo? Afya ya mtu ni wajibu wake mwenyewe." Sikutaka tubishane kwenye simu, lakini sikulala vizuri siku ile. Ulichosema nusu yake ni kweli, na nusu yake ni dhuluma kwa dada yangu.

Mama mkubwa alisoma. Ni mwalimu mstaafu, hakuna karatasi inayompita bila kuisoma. Alisoma maandishi makubwa yaliyo mbele ya boksi: haijaongezwa sukari. Na maneno hayo ni ya kweli, kiwandani hawakutia hata chembe. Wasichokwambia ni kwamba juisi ya matunda ina sukari yake yenyewe, mara nyingi gramu kama 10 kwa kila mililita 100, na soda ya kawaida iko hapohapo. Glasi ya mililita 250 ni gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai. Chungwa ukilila na nyama zake, nyuzinyuzi zinaichelewesha ile sukari kuingia mwilini. Ukilikamua na kuchuja, kizuizi hicho umekitupa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi kundi moja na ile tunayotia kwenye chai. Linashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, yaani gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Glasi mbili za dada zilikuwa zinamaliza hizo 50 peke yake, na yeye ana kisukari.

Sasa niambie, aliyeandika yale maneno kwa herufi kubwa na kuweka picha ya embe lililokatwa, alimlenga nani? Alimlenga mtu kama mama mkubwa, mtu anayejitahidi. Asiyejali afya yake hasomi boksi.

Ukianza kuangalia utayaona kila mahali. Chukua mafuta ya kupikia yenye alama ya moyo na maneno "hayana lehemu". Lehemu, yaani kolesteroli, hutoka kwa wanyama. Alizeti haina, pamba haina, mawese hayana, hayajawahi kuwa nayo tangu dunia iumbwe. Lakini mawese karibu nusu yake ni mafuta yale mazito yanayopandisha lehemu ndani ya damu yako wewe, na hilo halichorewi moyo. Au mkate wa brauni: geuza pakiti, angalia kiambato cha kwanza. Kama ni unga wa ngano uliokobolewa na mbele kidogo kuna rangi ya karameli, umenunua mkate mweupe uliopakwa rangi.

Nataka nikusimulie kisa kimoja kwa kirefu, maana wahusika walikuwa wadogo kuliko wewe. Mwaka 2004 huko Auckland, New Zealand, wasichana wawili wa miaka 14 walifanya jaribio la sayansi shuleni. Walipima vitamini C katika vinywaji mbalimbali vya matunda, wakitarajia kuona kwamba vile vya bei nafuu ndivyo dhaifu. Kimoja kilikuwa Ribena, kilichotangazwa kwamba blakikaranti, yale matunda meusi yanayotengenezea Ribena, yana vitamini C mara nne ya machungwa. Kipimo kikaonyesha karibu hakuna kitu. Wakadhani wamekosea, wakarudia. Majibu yakawa yaleyale. Wakaiuliza kampuni iliyotengeneza Ribena wakati huo, GlaxoSmithKline, wakajibiwa kwamba maneno ya tangazo yalihusu tunda lenyewe.

Tunda lenyewe! Hapo ndipo ilipo hila yote, mwanangu. Tunda lina vitamini, na mnywaji anauziwa kinywaji. Wasichana hawakukubali. Suala lilifika kwenye runinga na kwa mamlaka ya nchi ile inayosimamia biashara ya haki, nayo ikapima kwa vifaa vyake. Kinywaji cha boksi kilichoandikwa kina miligramu 7 kwa kila mililita 100 hakikuwa na vitamini C inayoweza kupimika. Mwaka 2007 GlaxoSmithKline ilikiri mashtaka 15 mahakamani, ikatozwa faini ya zaidi ya dola 200,000 za nchi hiyo na kuamriwa itangaze masahihisho.

Kisa cha pili nakitaja kwa sababu kinalijibu neno lako moja kwa moja. Marekani, Coca-Cola ilishtakiwa mwaka 2009 kwa kinywaji chake cha Vitaminwater. Jina lina vitamini, lina maji, na chupa moja ilikuwa na gramu 33 za sukari. Mawakili wa kampuni walijitetea kwamba hakuna mnunuzi mwenye busara ambaye angedhani kinywaji kile ni cha afya. Yaani waliokiamini ni wajinga. Jaji John Gleeson alikataa mwaka 2010 kuifuta kesi hiyo. Kila ninaposikia mtu akisema "ni wajibu wa mlaji" nawakumbuka wale mawakili, na sipendi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwako dhidi ya mtu aliyekubeba mgongoni.

Wajibu upo, sikatai. Na wewe unajitegemea sasa, unanunua mwenyewe dukani hapo Dar, kwa hiyo nakukabidhi. Mbele ya pakiti ni tangazo, isome ukipenda. Geuza nyuma. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, na sukari hujificha kwa majina mengi: glukosi, sukrosi, siripu, dekstrosi. Ukiona matatu kati ya hayo kwenye pakiti moja, yajumlishe kichwani. Kisha tazama kipimo. Wakisema gramu 10, uliza ni kwa mililita ngapi. Kama ni kwa 100 na chupa ni ya 500, umekunywa 50.

Lakini wajibu hauishii kwenye kikapu chako. Maandishi ya nyuma ni madogo, mara nyingi ni ya Kiingereza, na wanaonunua wengi ni wazee na watu wenye haraka. Mwenye macho mazuri na elimu kama yako akijiepusha mwenyewe halafu akanyamaza, kazi ameifanya nusu. Ukikuta lebo inayodanganya, tunza pakiti na risiti, upeleke TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 chakula kiko chini yao, zamani kilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tume ya Ushindani nayo ipo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Wale wa Auckland walikuwa na vifaa vya maabara ya shule tu.

Mama mkubwa anakuja huko wiki ijayo kwa ajili ya kliniki ya macho. Nitamkatia tiketi ya treni, mpokee stesheni. Usimpe hotuba. Mpeleke dukani, mgeuzie mapakiti, msomee nyuma yale yaliyo madogo mno kwake, na umwache achague. Na ile juisi, kama boksi bado analo, mwambie akuletee. Lipige picha pande zote kabla hamjalitupa.

Mama yako