Igizo la Mateso Halikodiwi: Barua kwa Vijana wa Parokia Yetu

Wanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimengoja Pasaka ipite na oktava yake, yaani siku zake nane, imalizike, nikitumaini hasira itapoa kabla sijashika kalamu. Haijapoa vya kutosha, basi mnivumilie. Ijumaa Kuu mliketi nasi chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, mkitazama kikundi mlichokilipa kutoka mjini kikituigizia mateso ya Bwana, badala ya kuyaigiza wenyewe kama ilivyokuwa desturi yetu. Walikuja na vipaza sauti na joho la Pilato linalong'aa. Kazi yao wanaijua, sina neno juu yao. Bwana alipoanguka mara ya tatu, nusu ya waumini walikuwa wameinua simu wakirekodi. Walipomaliza, wale wageni wakapakia vyombo vyao garini wakawahi parokia nyingine, nasi tukakunja viti tukaenda kula.

Mnaniambia mmeboresha. Mmeboresha nini? Yule mama aliyekuwa akishona kanzu za Mitume kwa mashuka na mapazia ya zamani, mwaka huu hakuombwa hata uzi. Watoto waliokuwa wakigombania kushika matawi ya umati wa Yerusalemu walikaa wamefunga mikono. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, nanyi mmekwenda kumtunza mcheza wa kwa wenzetu.

Kuna kijiji kinaitwa Oberammergau, huko Bavaria, Ujerumani. Mwaka 1633 tauni iliwaua watu wake, waliobaki wakaweka nadhiri kwamba kila baada ya miaka 10 wataigiza mateso na kifo cha Bwana. Walianza mwaka 1634 na nadhiri inaendelea hadi leo. Igizo la 2020 lilizuiwa na korona, wakalifanya 2022. Fedha wanazo, na watalii humiminika kutoka dunia nzima. Wangetaka, wangeajiri waigizaji wazuri kuliko wote Ulaya. Lakini kanuni yao ni kwamba anayepanda jukwaani awe amezaliwa pale, au ameishi pale miaka isiyopungua 20. Tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, waigizaji wanaume wanaacha kunyoa nywele na ndevu. Zaidi ya mwaka mzima fundi anakwenda kazini na ndevu zake, na kila anayekutana naye anajua anajiandaa kwa jambo gani. Iztapalapa, katika Jiji la Mexico, nao walipigwa na kipindupindu mwaka 1833, na tangu 1843 wanaigiza mateso barabarani, wenyeji wa mitaa yao minane. Hakuna anayewaletea Yesu wa kukodi.

Sasa niwaambie kinachotendeka kwenye mazoezi, kwa kuwa wengi wenu mmeyajua machache tu. Kulikuwa na ndugu wawili wa baba mmoja waliokosana kwa mpaka wa shamba la kahawa, hata salamu hakuna. Nafasi tuligawa kwa kura. Mdogo akaangukia kuwa askari wa Kirumi, kaka yake akawa Simoni wa Kirene. Someni Injili: askari ndiye anayemkamata Simoni na kumtwika msalaba. Siku ya kwanza kaka akasema, "Huyu hanigusi." Tukamwacha. Wiki iliyofuata akarudi, kwa sababu jumuiya yake ndogo ya Kikristo ilimwambia wasipotoa Simoni wataaibika. Wakawa wanafanya mazoezi bila kutazamana usoni. Jioni moja ya mvua, mdogo akasema, "Kaka, usishike hapo, msumari umechomoza." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya muda mrefu. Kesi ya mpaka iliendelea, na kila mmoja anaamini ameonewa. Ila wanaamkiana, na mmoja akiugua mwenzake huenda. Mniambie kikundi chenu cha mjini kingetufanyia lipi katika hayo kwa saa moja na nusu.

Nimeona pia watu wasiofungua Biblia nyumbani wakizijua sura ya 18 na ya 19 za Yohane kwa moyo, kwa sababu walizisema Kwaresima nzima. Aliyewahi kusimama kwenye umati akapaza sauti "Msulubishe!" mbele ya jirani yake haisikii tena Injili ile kama habari ya watu wengine.

Wala sitawalaumu ninyi peke yenu. Sisi watu wazima ndio tuliowafundisha kukodi. Harusi tunakodi mshereheshaji, msibani tunakodi wapishi, mchango wa mtu umekuwa fedha aliyoituma kwa simu, kisha anafika amechelewa na kuondoka mapema. Kamati zetu hupenda kazi yenye risiti. Kijana akitoa jioni zake arobaini, hakuna anayeziandika popote. Hilo ni kosa letu, na nimelisema kwenye halmashauri ya parokia.

Mengine nayataja kwa kifupi. Msimpige kweli anayeigiza Yesu. Msalaba uwe mzito wa kuonekana, usiwe wa kumvunja mtu bega. Wasichana wapewe maneno, maana wanawake walibaki msalabani wakati Mitume wengi wamekimbia. Simu za waigizaji zibaki sakristia. Maneno ya Kayafa, kuhani mkuu wa Wayahudi, yaandikwe kwa uangalifu: maigizo ya aina hii yaliwahi kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi, na Hitler alilitazama lile la Oberammergau mwaka 1934. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la 1965, ulikataza kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya mateso ya Bwana. Oberammergau wenyewe wamelirekebisha igizo lao, na mwaka 2022 mmoja wa walioigiza Yuda alikuwa kijana Mwislamu wa kijijini hapo. Jirani yetu Mwislamu anayetupa mbao za msalaba kila mwaka msimsahau kumwalika.

Tena msiishie Ijumaa. Karne ya kumi, kwenye monasteri za Ulaya, igizo la Pasaka lilikuwa fupi sana: malaika kaburini anawauliza wanawake wanamtafuta nani, nao wanamjibu. Kipande hicho mkiweke Mkesha wa Pasaka, nacho wapeni watoto.

Daftari la maneno ya igizo letu ninalo nyumbani. Njoni mlichukue mapema, mkiwa na kalamu, kwani Kiswahili chake kimezeeka na ni lazima mkiandike upya kwa namna mnavyosema ninyi. Nafasi zigawiwe kwa jumuiya zote, na za vigango vya mbali pia, kabla ya Jumatano ya Majivu. Nipo kila jioni isipokuwa Alhamisi, siku ya jumuiya.

Mzee wenu,
Katekista mstaafu