Barua kwa vijana wa makanisa yote Bagamoyo: kubishana sawa, ila msibani tukae pamoja

Wanangu na wajukuu zangu, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wasabato na nyie walokole wote, marahaba. Naona meseji mnazorushiana kwenye grupu la vijana, huyu anasema ubatizo wa maji machache sio ubatizo, yule anasema wanaonena kwa lugha wana mapepo, mwingine kaja na Sabato, mara matusi, mara watu wanalefti. Kubishana siwakatazi. Paulo mwenyewe alimpinga Kefa, yaani Petro, uso kwa uso kule Antiokia, ipo Wagalatia 2, na mtu akileta injili nyingine kabisa lazima aambiwe. Kinachoniuma ni haya ya msibani.

Juzi hapa tumezika mama wa watu, kwaya moja ikakataa kuimba eti mchungaji anayeongoza ibada sio wa kwao, wengine wakakaa nje ya turubai mpaka mahubiri yakaisha, na chakula kilivyopakuliwa wakajitenga na sahani zao chini ya mwembe kama wamekuja kwenye msiba mwingine. Majirani zetu Waislamu ndio waliokuwa jikoni na kwenye kuteka maji tangu asubuhi. Niliona aibu jamani.

Hebu someni Wakorintho wa Kwanza. Kila mtu alikuwa na mtu wake, mimi wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa, mpaka Paulo akawauliza, "Je! Kristo amegawanyika?" Na hata wale wa kwake hakuwasifia, aliwauliza kama ni yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Sasa nendeni sura ya 11 muone, watu haohao wanakutana kula chakula cha Bwana, wenye navyo wanatangulia kula vyao, mmoja ana njaa mwingine kalewa, Paulo anawaambia hicho mnachokula sio chakula cha Bwana. Kwa hiyo hili la sahani chini ya mwembe sio dogo hata kidogo.

Mtaniambia babu, mafundisho yanatofautiana. Ni kweli, na Roma ilikuwa hivyohivyo, someni Warumi sura ya 14, huyu anakula kila kitu yule mboga tu, huyu ana siku yake yule siku zote kwake sawa, Paulo hakuwalazimisha wafanane, alisema kila mtu awe na hakika akilini mwake na asimdharau mwenzie maana ni mtumishi wa mwingine huyo. Na yeye na Barnaba si waligombana sababu ya Marko mpaka kila mtu akashika njia yake? Lakini baadae yuko kifungoni anamwandikia Timotheo amletee Marko, anamfaa kwa kazi.

Halafu nyie mnaishi Bagamoyo! Februari 1874 kina Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari Livingstone, walifika hapa na mwili wake, wameubeba toka Chitambo, Zambia ya leo, marehemu ni Mprotestanti wa Uskochi, na waliompokea ni mapadre Wakatoliki waliofungua misheni yao hapa 1868, wakamlaza palepale kanisani kwao, kwenye ule mnara mnaopigia picha kila sikukuu. Enzi hizo huko Ulaya Mkatoliki na Mprotestanti kusali pamoja ilikuwa karibu na mwiko.

Kwa hiyo naomba hivi, msiba ukitokea kwaya ya kanisa lolote iimbe, na watu wakae turubai moja mwanzo mpaka mwisho. Na tabia ya kumvuta mfiwa ahamie kanisani kwako wiki ileile ya kilio muiache, huo ni wizi. Klipu za wahubiri wanaotukana makanisa ya wenzenu msizirushe kabla hamjaimaliza barua hiyo ya Wakorintho, ni sura 16 tu.

Jumamosi njooni nyumbani tupange zamu za kusaidia kwenye misiba, kila kanisa lilete vijana wawili watatu, tutaanza jua likishazama ili Wasabato nao wawepo, na chai ipo.