Alama za ramani za vijiji tuzichore wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaochora ramani za mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji mkoani Dodoma.

Wengi wetu tunatumia QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani isiyolipiwa leseni. Alama za tayari zimo tele: ndege, kitanda cha hoteli, pampu ya petroli, hata gofu. Josho la kuogeshea mifugo hakuna. Lambo la kunyweshea mifugo hakuna. Mnada wa ng'ombe hakuna, wala kisima cha kuchimba kwenye mchanga wa korongo ambacho kiangazi watu na mifugo hukitegemea. Basi tunabandika vidoti, chekundu josho, cha bluu lambo, cha kahawia mnada, kisha pembeni tunaweka maelezo yenye herufi ndogo kama sisimizi.

Hilo si jambo dogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kutenga ardhi ya pamoja mpaka mkutano wa kijiji uridhie. Watu wananyoosha mikono kwa kuitazama hiyo ramani yetu. Katika mkutano mmoja wilayani Bahi mama mmoja mfugaji alisimama akamuuliza afisa, "Mwanangu, josho letu liko wapi hapo?" Lilikuwapo, ila lilikuwa kidoti katikati ya vidoti. Na alikuwa na haki ya kuuliza, maana mstari wa malisho ukipita upande huu au ule wa josho, ndiyo njia ya ng'ombe wake inabaki au inafungwa.

Dawa ipo na haina gharama. Chora alama yako kwenye Inkscape, programu ya michoro, nayo ni ya bure: mfereji uliozama na pembe mbili juu yake, yatosha kuwa josho. Hifadhi kama faili la aina ya SVG. Mchoro wa namna hii hubeba maelekezo ya mistari, si vitone vya rangi, kwa hiyo ukiuchapa kwenye A4 ya mtendaji au A0 ya ukutani kingo zake hazififii. Kisha kwenye mipangilio ya QGIS, sehemu ya mfumo, ongeza folda yako katika orodha ya njia za SVG.

Kuna hatua ambayo wengi hawaifahamu, na hapo ndipo penye faida kubwa. Faili la SVG ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad. Penye rangi ya kujaza weka param(fill), penye rangi ya mstari weka param(outline). Baada ya hapo QGIS yenyewe inaweza kuibadili rangi. Mchoro mmoja wa josho unakuwa kijani kwa josho linalofanya kazi na kijivu kwa lililokufa, na ramani inaanza kumwambia diwani pa kupeleka fedha. Kama alama ina herufi, zigeuze kuwa mistari kabla ya kuhifadhi, kwa sababu kompyuta nyingine huenda haina fonti hiyo.

Jambo linalonisikitisha ni kila mmoja kuchora peke yake. Ramani ikihamia kompyuta isiyo na folda ile, alama zinageuka kuwa viulizo. Unaweza kuiingiza alama ndani ya mradi wenyewe, na nashauri ifanyike kila mara, lakini Chamwino, Kongwa na Mpwapwa zikiwa na michoro tofauti ya lambo, mfugaji anayehama na ng'ombe wake atajifunza upya kila wilaya.

Naomba maafisa ardhi wa halmashauri zetu, pamoja na walimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, wakubaliane seti moja ya alama. Kabla haijapitishwa, kila mchoro uoneshwe wafugaji na wakulima bila maelezo yoyote, waulizwe wanaona nini. Wasipoutambua, uchorwe upya. Michoro yangu ya josho, lambo, mnada na pampu ya mkono niko tayari kuitoa bure ianze kupimwa hivyo.

Mchora ramani,
Chamwino, Dodoma