Risala ya Wakunga na Wahudumu wa Afya ya Mama na Mtoto, Moshi, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakunga Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mkuu wa Mkoa na timu yako,
Waganga wafawidhi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati,
Viongozi wetu wa dini, wenyeviti wa vijiji na mitaa,
Wakunga wenzetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuja Moshi katikati ya masika kuadhimisha nasi Siku ya Wakunga, inayofanyika kila tarehe 5 Mei. Risala yetu inahusu mchango wa taasisi na vyama vya kitaifa katika afya ya mama na mtoto, na hasa mahali mchango huo unapokwama kabla haujafika kwenye kitanda cha kujifungulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, matunda ya kazi hiyo yapo na tunayasema kwa furaha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Kina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma wameongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini katika tafiti hizohizo kuna tarakimu inayotunyima usingizi: vifo vya watoto wachanga, yaani wa siku 28 za mwanzo, vilikuwa 25 na sasa ni 24. Hapo tumesimama palepale. Zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya miaka mitano hawafikishi hata mwezi.

Nani anafanya nini? Wizara ya Afya inatunga miongozo, TAMISEMI inaajiri na kusimamia vituo, Bohari ya Dawa inanunua na kusambaza, Baraza la Uuguzi na Ukunga linatoa leseni, Mpango wa Taifa wa Damu Salama unakusanya damu, na Taasisi ya Chakula na Lishe imekuwa ikishughulikia lishe tangu 1973. Nje ya serikali tuna UMATI, yaani Chama cha Uzazi na Malezi Bora, iliyoanza 1959, Chama cha Wakunga Tanzania, vyama vya madaktari bingwa wa wanawake na wa watoto, na Utepe Mweupe wa Uzazi Salama, ambao umesimama kidete kudai bajeti ya huduma za dharura za uzazi. Mkoani kwetu huwezi kutaja uzazi salama ukaziacha hospitali za makanisa: KCMC, Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, Huruma kule Rombo. Kwa hiyo Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii kwetu ni mdau mkubwa kama taasisi yoyote ya serikali.

Miongozo ya nchi hii ni mizuri. Shida iko kwenye kipande cha mwisho cha safari, na tunaomba uturuhusu tukueleze kipande hicho kwa undani, kwa sababu ndicho tunachokifahamu kuliko wengine.

Tuanze na kichupa kimoja kidogo. Kila mama anayejifungua anatakiwa kupata oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isivuje, yuniti 10 kwenye msuli wa paja, ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke, mkunga akishapapasa tumbo na kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki. Dawa hii inataka kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiachwa kabatini kwenye joto inapungua nguvu, na ubaya wake ni kwamba haibadiliki rangi wala harufu. Kichupa kilichoharibika kinafanana kabisa na kizima. Mkunga anachoma, mfuko wa uzazi haukazi, anaongeza nyingine, damu inaendelea kutoka, na hakuna anayejua kwamba tatizo lilianza wiki kadhaa nyuma, umeme ulipokatika. Kwenye zahanati zenye jokofu moja tu, jokofu hilo ni la chanjo, na mhudumu anaogopa kuweka humo kitu kingine asije akahojiwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishaeleza kwamba oksitosini inaweza kukaa kwenye mnyororo baridi wa chanjo, mradi iwe kwenye kisanduku chake chenye lebo iliyo wazi ili isichanganywe na chanjo. Tunaomba wasimamizi wa chanjo na wasimamizi wa afya ya uzazi waseme neno hili kwa sauti moja, kwa maandishi, mpaka lifike zahanati ya mwisho kule juu Uru na Kibosho, na daftari la joto lisomwe asubuhi na jioni kwa ajili ya dawa zote mbili.

Jambo la pili linalofuatana na hilo ni kupima damu inayotoka. Kwa miaka mingi tumekadiria kwa macho, na macho hudanganya: damu ikishalowa kwenye khanga, shuka na pamba, huonekana kidogo kuliko ilivyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, zilizoshiriki utafiti wa E-MOTIVE, ambao matokeo yake yalitoka 2023. Kilichofanyika hakihitaji mashine. Mama aliwekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa alama za mililita. Damu ikifika mililita 500, au hata kabla ya hapo ikiwa dalili nyingine zinatia shaka, hatua zote zinaanza kwa pamoja: kusugua tumbo hadi mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini kwenye dripu, asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1 kwenye mshipa, maji ya mshipani, kisha kukagua kama kibofu kimejaa, kama kondo limetoka lote na kama kuna mchaniko. Zamani tulijaribu moja, tukisubiri ishindwe ndipo tuguse nyingine. Utaratibu wa pamoja ulipunguza matatizo makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Ombi letu kwa Bohari ya Dawa ni kwamba shuka hili na asidi ya traneksamiki viwe vitu vya kuagizwa kila robo mwaka kama glovu, visitegemee mradi. Mradi ukiisha, shuka linaisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa tunafika kwenye damu yenyewe. Tunayo bahati kwamba kituo cha Kanda ya Kaskazini cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama kiko hapahapa Moshi. Mchangiaji ni mtu mwenye afya njema, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50. Anatoa mililita 450, mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Damu hiyo hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye baridi kwa wiki tano hadi sita tu. Ndugu wa mama anayevuja damu saa nane za usiku wakija na nia njema ya kuchangia, wanamsaidia mgonjwa wa kesho. Wa usiku huo anasaidiwa na damu iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye jokofu.

Sasa, wachangiaji wengi wa nchi hii ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa Juni na Desemba, makusanyo yanashuka. Na Desemba ndio mwezi ambao Kilimanjaro inajaa: watoto wa mkoa huu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza kula Krismasi, barabara zinajaa magari, ajali zinaongezeka, na wajawazito waliokuja kujifungulia kwa wazazi wao nao wapo. Mahitaji yanapanda wakati ghala linapungua. Kwa maoni yetu hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji kalenda. Watu wazima wenye afya wanaorudi nyumbani wiki za mwisho za mwaka ndio wachangiaji tunaowatafuta, na wanapatikana kwa urahisi baada ya ibada.

Lakini damu ya akiba haiondoi wajibu wa kumfikisha mama chumba cha kujifungulia akiwa na damu ya kutosha mwilini. Mjamzito mwenye hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu, na aliye chini ya 7 yuko hatarini hata akivuja kiasi ambacho mwenzake angekivumilia. Kidonge cha FEFO, chenye miligramu 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, kinagawiwa kliniki, ila kugawiwa si kumezwa. Wengi wanaacha kwa sababu ya kichefuchefu, choo kigumu au choo cheusi, ambacho hakuna aliyewaambia kwamba ni cha kawaida. Ushauri wa dakika moja unatosha: kimeze usiku baada ya chakula, kwa maji, na chai iwe mbali nacho kwa saa moja au mbili, kwa kuwa chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Kazi hii inawafaa sana wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024.

Turudi kwa mtoto mchanga, ambaye tarakimu zimetuambia ameachwa nyuma. Mtoto asiyelia anahitaji dakika moja ya kwanza itumike vizuri: kukaushwa, kusuguliwa mgongo, kusafishwa njia ya hewa ikiwa tu imeziba, na kama bado hapumui, kupewa hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa, na maski, pumzi kama 40 kwa dakika. Makosa tunayoyaona ni yaleyale. Kifaa cha kunyonya ute kinang'ang'aniwa hadi dakika inaisha. Kichwa kinakunjwa nyuma kupita kiasi na njia ya hewa inajifunga. Maski haikai sawasawa usoni, hewa inatokea pembeni na kifua hakinyanyuki. Makosa haya hayaondolewi na semina ya siku tano hotelini. Mkono unasahau. Jirani zetu wa Haydom, mkoani Manyara, walishiriki kuandaa njia nyingine: mazoezi mafupi wodini, kwa mdoli, mara kwa mara, pamoja na kutazama takwimu za wodi yenyewe. Njia hiyo ilipopelekwa kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40, na vya kina mama kwa asilimia 75. Matokeo yalichapishwa 2025. Huu ni ushahidi wa nyumbani. Tunaliomba Baraza la Uuguzi na Ukunga liyape mazoezi ya wodini uzito kamili katika pointi za kuhuisha leseni, na vyama vyetu vya taaluma vihamishie fedha za ukumbi kwenye midoli na walezi wa mazoezi.

Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2 anahitaji kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku, tangu mapema kabisa bila kusubiri "aimarike" kwanza. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuanza mapema kunapunguza vifo vya watoto waliozaliwa na kilo 1 hadi chini ya 1.8 kwa asilimia 25. Kinachokwamisha ni kitanda. Mtoto yuko chumba cha wachanga, mama yuko wodi nyingine au kwenye benchi la korido na mshono wake. Ramani za majengo mapya zikipitishwa bila vitanda vya mama ndani ya chumba cha wachanga, tutaendelea kusoma vifo 24 vya watoto wachanga kila utafiti.

Kuhusu usafiri tunasema kwa kifupi. Mfumo wa m-mama, wenye namba 115 isiyotozwa, umesaidia sana: mpigaji anasikilizwa, gari la wagonjwa linatafutwa, na lisipopatikana anaitwa dereva jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo, familia haitoi kitu. Masika yanaponyesha kama sasa, tope la njia za milimani linataka dereva mwenye gari la kuhimili. Halmashauri zisajili madereva kwa kuangalia barabara zao.

Na baada ya kujifungua? Desturi ya huku ya kumtunza mzazi ndani, kwa mtori na mapumziko ya miezi kadhaa, ni nzuri na tusiiguse. Ila isimzuie kurudi kliniki siku ya 7, ya 28 na ya 42. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, na mtoto mchanga anayeacha kunyonya, mwenye homa au mwili wa baridi ni wa kukimbizwa siku hiyohiyo. Mama wakwe wakilijua hili, wao ndio watakaomleta.

La mwisho ni vikao vya kujadili vifo vya uzazi. Lengo lake ni kujifunza, lakini pale kikao kinapogeuka baraza la kumtafuta wa kulaumiwa, mafaili hurekebishwa usiku na ukweli hupotea. Tunaomba vyama vya wakunga na madaktari bingwa vitoe wajumbe kutoka nje ya kituo husika wakae kwenye vikao hivyo, na kila azimio liwe na jina la mtekelezaji na tarehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kati ya haya yote, moja liko ndani ya uwezo wako wewe na viongozi wa dini waliokaa mbele yako: ratiba ya kuchangia damu ya Desemba. Tunaomba ipangwe pamoja na kituo cha Kanda, itangazwe makanisani na misikitini kabla Novemba haijaisha, na tarehe ya kwanza itajwe leo kabla hatujaondoka hapa.

Tunaomba kuwasilisha.