Barua kwa vijana wetu wa Nyarugusu tulio Marekani

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu. Juzi mjukuu wangu alinipeleka maktaba kumsikiliza manusura wa Maangamizi ya Wayahudi, yale mauaji ya Wanazi wa Ujerumani. Mimi nina miaka 71. Yeye ameshapita 95, nikajikuta namwita Mama.

Alipotaja kambi, niliitikia kwa kichwa nikidhani naelewa. Si tulivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo mwaka 1996, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ikatupokea, na wengi wenu mkazaliwa humo? Lakini alivyoendelea, niliona neno ni moja tu. Kambi yetu tuliikimbilia ili tuishi. Yake ilijengwa ili watu wafe.

Alizaliwa Hungaria. Wajerumani waliingia huko Machi 1944, na kati ya Mei na Julai Wayahudi zaidi ya 400,000 wakasombwa kwa mabehewa ya mizigo, karibu wote hadi Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland. Walipoteremshwa walipangwa mstari. Daktari wa SS, kikosi cha Wanazi, anakutazama kidogo tu: upande huu kazi, upande ule chumba cha gesi. Yeye alikuwa na miaka 15. Mama yake na mdogo wake walipelekwa upande ule.

Sisi mstari ulitupa mahindi na maharage. Siku ile watu walipopanga foleni ya chai, yule mama alibaki kitini mpaka wa mwisho akahudumiwa. Miaka zaidi ya 80, bado hawezi kusimama kwenye mstari. Hilo limenikaa moyoni kuliko yote aliyosema.

Wanajeshi wa Uingereza walimkuta katika kambi nyingine, Bergen-Belsen huko Ujerumani, tarehe 15 Aprili 1945, kati ya maelfu ya maiti ambazo hazijazikwa. Maelfu wengine walikufa hata baada ya kukombolewa, kwa njaa na taifasi.

Kijana mmoja akasimama kumsifu kwamba alikuwa na nguvu. Akakataa. Alisema waliomzidi nguvu walikufa. Akaeleza kwamba alipofika Marekani aliambiwa asahau, basi akanyamaza miaka 40, hata kwa watoto wake. Aliyemfungua ulimi ni mjukuu aliyemuuliza swali dogo: mama yako aliitwa nani?

Nanyi nawasikia mkisema wazee wetu ni wagumu, wamevumilia. Mnasema kwa mapenzi, najua. Lakini mkishatusifu hivyo, nani kati yetu atathubutu kusema kwamba usiku hapati usingizi? Kustahimili si kuwa jiwe. Yule mama analia mpaka leo, na kila wiki anakwenda shuleni kusimulia.

Basi msitusifu, tuulizeni. Anza na kitu kidogo: kijiji, mto, jina. Ukiona mzee amenyamaza, usimharakishe, kaa naye.

Mimi Jumapili baada ya ibada niko nyumbani. Mama yangu alibaki upande wa Fizi, huko Kongo, na tangu nifike nchi hii hakuna aliyeniuliza jina lake.

Mzee wenu