Barua kwa wanangu mliofunga madaftari

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliokuwa mkijaza madaftari utotoni, kisha siku moja mkayafunga. Sikuja kuwalaumu. Langu nililifunga nikiwa na miaka 13.

Nilianza kuandika kabla sijaweza kuendeleza maneno sawasawa. Nilinyofoa kurasa za katikati za daftari la hesabu, nikazikunja, nikazishona kwa uzi, nikasema hiki ni kitabu. Hakuna aliyeniagiza, wala sikungoja msomaji. Furaha ile naikumbuka mpaka leo: kuona paka niliyemwaza mwenyewe akitembea kwenye mstari kwa sababu tu nimeandika kwamba anatembea.

Kisha mwalimu mmoja akalisoma daftari langu mbele ya darasa huku akicheka, na darasa zima likamfuata. Jioni hiyo nililichoma moto. Kicheko nilikwisha kukisamehe zamani, ila kiberiti kile najuta nacho mpaka uzee huu. Maandishi yenyewe yalikuwa mabovu, nakubali, lakini ndiyo yaliyokuwa yamehifadhi nilivyowaza nikiwa mtoto, na leo hakuna wa kunikumbusha. Kwa hiyo nawasihi: mlivyoandika zamani msivichome, msivitupe, hata kama mnavionea haya.

Kwa miaka 11 niliandika vya kuagizwa tu, barua za kikazi na mihtasari ya vikao. Usiku mmoja, siku chache baada ya kumzika baba, nilishika kalamu niorodheshe madeni aliyoacha. Nikajikuta naandika jinsi alivyokuwa akikohoa mara mbili kabla ya kupiga hodi, ili tujue ni yeye. Sikuinuka mpaka alfajiri. Orodha niliimaliza kesho yake.

Najua mtaniambia kazi ni nyingi na umri umekwenda. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na mashairi yake aliyatunga humo humo katikati ya maisha ya ukarani. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa akiwalea wanawe wawili peke yake na kuhariri vitabu vya watu wengine. Alidamka kuandika kabla watoto hawajaamka, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1970, akiwa na miaka 39. Siwataji ili mtamani sifa zao. Ninachowaonyesha ni zile alfajiri, wakati hakuna aliyekuwa akimsubiri amalize.

Basi kila mmoja wenu awe na daftari lisilosomwa na mtu, hata mwenza wake. Nusu ukurasa kwa siku unatosha. Ulichoandika usiku usikisahihishe usiku huo huo. Kiache kilale, kisha ukisome kwa sauti, maana sikio hunasa uongo ambao jicho limeupita. Na ukitaka kumwonyesha mtu, mchague kwa uangalifu kama unavyomchagua wa kumwachia mtoto wako mchanga. Hapa sitanii, maana kosa la siku moja lilinigharimu miaka 11.

Kama daftari lako la utotoni bado lipo, litafute leo. Soma ukurasa mmoja, bila kumcheka mtoto aliyeuandika. Kisha nenda kwenye ukurasa mtupu wa mwisho, andika tarehe ya leo, na umjibu.

Mzee wenu