Filamu isiyo na msimulizi nayo ina habari

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu alidai kuwa filamu ya hali halisi isiyo na msimulizi humwacha mtazamaji gizani. Mimi ni mhariri wa sauti za filamu, na sikubaliani naye.

Chukua filamu ya Leviathan ya mwaka 2012, kazi ya Lucien Castaing-Taylor na Véréna Paravel wa Sensory Ethnography Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard inayochunguza maisha ya watu kwa picha na sauti. Ilirekodiwa katika meli ya uvuvi kutoka New Bedford, Marekani. Kamera ndogo zisizoingia maji zilifungwa miilini mwa wavuvi, nyingine zikatumbukizwa baharini. Hakuna anayekueleza kitu. Minyororo inakwaruza, mawimbi yanagonga chuma, samaki wanateleza sakafuni mpaka usoni pako. Mara ya kwanza nilishika kiti kwa mikono miwili.

Filamu nyingine, Manakamana (2013), ni tulivu zaidi: safari 11 katika kibanda kinachoning'inia kwenye waya huko Nepal, kila moja kama dakika 10, bila kukatwa.

Nakiri, katika Leviathan mishahara ya wavuvi haitajwi, na hilo ni pengo kubwa. Lakini yule mvuvi anayesinzia mbele ya runinga! Sijui sentensi ambayo ningethubutu kuiweka juu ya uso ule.

Msomaji wenu